UKURASA WA ELIMU: Kunoa Kiingereza cha Kuandika kwa Vifaa vya Mtandaoni



Katiba ya Kenya ya 2010, katika Kifungu cha 7, inasema kwamba Kiswahili ndiyo lugha ya taifa, na kwamba lugha rasmi ni Kiswahili na Kiingereza. Hata hivyo, kila mwananchi aliyewahi kujaza fomu anajua hali ilivyo. Barua ya kuomba kazi huandikwa kwa Kiingereza. Maombi ya basari, ripoti ya mafunzo ya kazini, insha ya kujiunga na chuo na tasnifu ya stashahada, zote huandikwa kwa Kiingereza. Mtu anaweza kuijua kazi yake barabara, lakini karatasi ikamwangusha kabla hajaonekana uso.

Somo la toleo hili ni kwa ajili ya mtu huyo. Linaonyesha jinsi ya kutumia vifaa vya mtandaoni, vingi vyavyo vya bure, kuboresha Kiingereza cha kuandika na uandishi wa kitaaluma. Soma ukiwa na kalamu na daftari, kwa sababu mwishoni kuna mazoezi.

Barua tatu za kijana mmoja

Kijana mmoja fundi wa umeme alinijia akiwa na barua ambayo alikuwa ameituma mahali pengi bila kujibiwa. Alikuwa amehitimu, na nyumba alizotia nyaya zilikuwa zinawaka taa hadi leo. Barua yake ilianza hivi:

"I am with a certificate of electrical installation which I finished it in 2022 and I stay in this county. I am requesting for a job. I have done many works and I know to use all equipments."

Alipoona hajibiwi, alienda saiba. Huko aliiomba programu ya akili unde imwandikie barua mpya, na barua ikatoka imenyooka kama rula. Safari hii aliitwa kwenye mahojiano. Swali la kwanza likawa kuhusu sentensi iliyosema ana uzoefu mkubwa wa mitambo ya viwandani inayojiendesha. Kijana hakuwa ameitilia maanani sentensi hiyo, na mitambo ya namna hiyo hakuwahi kuishika. Akanyamaza. "Mwalimu," aliniambia, "ile barua ya kwanza ilinificha, na ya pili ikaniumbua."

Barua ya tatu aliiandika mwenyewe, polepole, akitumia vifaa tutakavyovieleza hapa. Tutaifikia mwishoni. Kwanza tujue kila kifaa kinafanya nini na kisichoweza kufanya ni nini.

1. Kamusi ya wanaojifunza lugha

Wengi wetu tukitaka maana ya neno hukimbilia programu ya kutafsiri. Hiyo hukupa neno moja kwa neno moja na kukuacha hapo. Kamusi iliyoandikwa kwa ajili ya wanaojifunza Kiingereza, kama Oxford Learner's Dictionaries, Cambridge Dictionary au Longman, hukupa mambo manne ambayo mwandishi anayahitaji, na zote tatu zinafunguka bure mtandaoni.

La kwanza ni kama nomino inahesabika au haihesabiki. Kamusi hizi huweka herufi "C" au "U", au neno kamili lenye maana hiyo, kando ya nomino. Katika Kiswahili tunasema vifaa, ushauri, habari, samani, na hatuoni tatizo kuhesabu vifaa vitatu. Lakini Kiingereza hakikubali "equipments", "advices", "informations" wala "furnitures". Ukiangalia "equipment" utakuta herufi U, na hapo utajua kwamba haichukui "s". Ukitaka kuhesabu, utasema "three pieces of equipment".

La pili ni kihusishi kinachofuata neno. Kitenzi "discuss" hakifuatwi na "about". Kitenzi "request" hakifuatwi na "for", ijapokuwa nomino "a request" hufuatwa nacho. Cheti huwa "in" somo fulani. Mambo haya hayana kanuni moja ya kukariri. Yanaonekana katika mifano iliyo chini ya neno.

La tatu ni hiyo mifano yenyewe. Usiondoke kwenye ukurasa wa kamusi kabla ya kusoma angalau sentensi mbili za mfano. La nne ni matamshi: gusa alama ya kipaza sauti na usikilize. Anayelisikia neno sawasawa huwa na nafasi nzuri zaidi ya kuliandika sawasawa, hasa kwa wale ambao lugha zao za kwanza huchanganya "l" na "r".

2. Jua makosa yanayotoka katika Kiswahili chetu

Makosa mengi ya Kiingereza chetu hayatokani na uvivu. Ni Kiswahili sanifu kilichovaa nguo za Kiingereza. Ukiyajua utayakamata mwenyewe hata bila intaneti. Haya ndiyo ya kawaida:

- Kiswahili husema "niko na cheti" au "nina cheti", na "na" hiyo huzaa "I am with a certificate". Kiingereza hutumia "have".

- Tunasema "kozi ambayo niliimaliza". Ile "-i-" ya kurejelea kozi ni lazima au ni ya kawaida katika Kiswahili. Ikihamia Kiingereza huwa "the course which I finished it". Ondoa "it", kwa sababu "which" imekwisha kuifanya kazi hiyo.

- "Kukaa" ni kuketi, kuishi na kubaki. Ndiyo maana tunaandika "I stay in Voi" tukimaanisha makao ya kudumu. Katika barua rasmi andika "live".

- "Kuazima" hutumika kwa anayetoa na anayepokea. Kiingereza kina maneno mawili: anayetoa "lends", anayepokea "borrows".

- "Kusikia" hufanya kazi ya masikio na ya mwili: tunasikia sauti, tunasikia njaa, tunasikia baridi. Kwa Kiingereza sauti huenda na "hear", njaa na baridi huenda na "feel".

- "Yeye" hana jinsia. Kwa hiyo katika insha ndefu mama huanza kama "she" na kuishia "he". Pitia kazi yako mara moja kwa ajili ya hili peke yake.

- Kiswahili hakina "a" wala "the". Baada ya kumaliza kuandika, gusa kila nomino inayohesabika iliyo katika umoja na ujiulize: je, ina neno mbele yake, kama vile "a", "the", "my" au "this"? Kama halipo, karibu kila mara kuna kosa.

Programu nyingi za kukagua hazitalishika kosa la "stay" wala la mama aliyegeuka "he", kwa kuwa sentensi zenyewe ziko sawa kisarufi. Mashine haijui unaishi wapi wala mama yako ni nani. Unajua wewe.

3. Programu za kukagua sarufi

Zinazojulikana zaidi ni Grammarly na LanguageTool, ambazo zina sehemu ya bure na sehemu ya kulipia. Google Docs na Microsoft Word nazo zina ukaguzi wa ndani. Kwa kazi za kawaida sehemu ya bure inatosha.

Kabla ya jambo lolote, weka Kiingereza cha Uingereza katika mipangilio. Shule na ofisi za Kenya hufuata tahajia hiyo: "colour", "centre", "programme", "labour". Programu nyingi huanza zikiwa zimewekewa Kiingereza cha Marekani, na zitakupigia mstari mwekundu chini ya neno ambalo mwalimu wako analiona sahihi.

Kisha fuata kanuni tatu.

Kwanza, andika rasimu nzima kabla ya kuwasha ukaguzi. Anayesahihisha kila neno anapoliandika hupoteza wazo.

Pili, usibonyeze "kubali" mpaka uweze kujieleza kwa nini. Pendekezo la programu ni ushauri tu, na wakati mwingine si sahihi: hubadilisha jina la kijiji, hugeuza neno la kitaalamu, au hupendekeza sentensi tamu yenye maana nyingine. Kama huelewi sababu, rudi kwenye kamusi.

Tatu, weka daftari la makosa. Chora safu tatu: nilivyoandika, ilivyotakiwa, na sababu. Hili ndilo lenye faida kuliko yote. Programu inayokusahihishia "equipments" mara hamsini bila daftari haijakufundisha kitu. Siku ya mtihani utaandika "equipments" mara ya hamsini na moja, na chumba cha mtihani hakina Grammarly. Mwanafunzi wa kidato cha nne akumbuke kwamba karatasi ya tatu ya Kiingereza katika KCSE ni ya insha, na insha hizo huandikwa kwa mkono.

Kwa mazoezi ya kuandika kuna tovuti ya Write & Improve ya Cambridge. Unachagua swali, unaandika jibu, na tovuti inakuonyesha sentensi zenye shaka pamoja na kiwango chako kwa vipimo vya Ulaya, kuanzia A1 cha wanaoanza hadi C2 cha waliobobea. Unarekebisha na kutuma tena. Faida yake ni kwamba haikuandikii: inakuonyesha palipo na tatizo na kukuachia kalamu.

4. Maneno yanayokwenda pamoja

Kwa Kiswahili tunapiga simu, tunapiga pasi na tunapiga picha. Mgeni akisema "anafanya pasi" tutamwelewa, lakini tutajua ni mgeni. Kiingereza nacho kina ndoa zake za maneno. Utafiti "is conducted" au "is carried out". Uzoefu "is gained". Uamuzi "is made", si "done".

Tovuti ya SkELL inasaidia sana hapa. Andika neno "research" na utaona sentensi halisi zilizokusanywa kutoka maandishi mengi, pamoja na orodha ya vitenzi na vivumishi vinavyoandamana nalo. Utagundua pia kwamba waandishi hawasemi "a research". Neno hilo halihesabiki, na kosa hilo lipo katika ripoti nyingi za vyuo vyetu, wakati mwingine hadi kwenye jalada.

Kwa msamiati wa kitaaluma, tafuta Academic Word List. Iliandaliwa na Averil Coxhead wa Chuo Kikuu cha Victoria mjini Wellington, New Zealand, na kuchapishwa mwaka 2000. Ina jamii 570 za maneno yanayojitokeza mara kwa mara katika maandishi ya vyuo bila kujali somo, kama "analyse", "factor" na "significant". Ukijifunza maneno matano kwa siku, siku tano kwa wiki, utaimaliza kwa muda wa miezi mitano hivi. Usikariri orodha tu. Kwa kila neno andika sentensi moja inayohusu kazi yako mwenyewe.

5. Aya ya kitaaluma inavyojengwa

Uandishi wa kitaaluma si maneno makubwa. Ni kusema jambo moja, kulieleza, kutoa ushahidi na kuonyesha maana yake. Tuseme mwanafunzi wa kilimo aliwatembelea wakulima kumi na wawili wa mahindi. Huu ni mfano wa kubuni:

"Most of the twelve farmers I visited had no sure way of telling when maize was dry. Eleven of them judged it by biting the grain, and only one used a moisture meter. Maize stored with more than 13.5 per cent moisture can grow mould. These answers suggest that a shared meter would help the group more than new sacks."

Sentensi ya kwanza inatangaza wazo. Ya pili inatoa ushahidi wake, kwa idadi. Ya tatu inaleta jambo ambalo hakuliona kwa wakulima bali amelisoma, kwa hiyo katika ripoti halisi hapo ndipo angetaja chanzo. Ya nne inaeleza maana ya yote. Angalia kwamba ameandika "suggest", hakuandika "prove". Wakulima kumi na wawili hawawezi kuthibitisha jambo kuhusu kaunti nzima. Kuchagua kitenzi kinacholingana na uzito wa ushahidi ni uaminifu, na wasahihishaji huutambua haraka.

Tovuti mbili zitakusaidia katika kazi hii. Ya kwanza ni Purdue OWL ya Chuo Kikuu cha Purdue, jimbo la Indiana, Marekani. Inaeleza jinsi ya kupanga insha, kuandika aya na kutaja vyanzo kwa mitindo mbalimbali. Ya pili ni Academic Phrasebank ya Chuo Kikuu cha Manchester, Uingereza. Hiyo ni ghala la vianzio vya sentensi vilivyopangwa kwa kazi zake: kuanza mada, kulinganisha tafiti, kukiri upungufu, kuhitimisha. Vianzio hivyo ni vya watu wote na kuvitumia si wizi, mradi wazo unalolitia ndani ni lako au umetaja mwenyewe.

6. Vyanzo na wizi wa maandishi

Kuchukua sentensi za mtu bila kumtaja ni wizi wa maandishi, hata kama ulibadilisha maneno mawili matatu. Vyuo vingi hupitisha kazi za wanafunzi katika programu kama Turnitin zinazolinganisha maandishi na yaliyokwisha kuchapishwa. Lakini usijizuie kuiba kwa hofu ya programu. Jizuie kwa kujua njia ya haki, ambayo ni nyepesi:

Soma aya mara mbili. Funga ukurasa. Andika ulichoelewa kwa maneno yako, hata kwa Kiswahili kwanza ukipenda. Fungua tena na ulinganishe: je, maana ni ileile, na je, maneno ni yako? Mwisho andika jina la mwandishi na mwaka hapo hapo, si kesho.

Google Scholar itakusaidia kupata makala. Chini ya kila matokeo kuna alama ya kunukuu. Ukiigusa utapata maelezo ya chanzo yaliyokwisha kupangwa kwa mtindo wa APA na mingineyo. Yakague kabla ya kuyatumia, kwa maana huwa na makosa ya herufi na tarehe. Mwenye kazi ndefu atumie Zotero, programu ya bure inayohifadhi vyanzo na kupanga orodha yenyewe.

7. Akili unde: mwalimu wa ziada, si mwandishi wako

ChatGPT, Gemini na nyinginezo zinaweza kuandika kurasa kumi kabla hujamaliza kikombe cha chai. Hatari yake ni mbili.

Ya kwanza ndiyo iliyomkuta kijana wetu: barua hujaa sifa usizokuwa nazo, na siku ya mahojiano hakuna anayekujibia. Ya pili ni kwamba programu hizi hubuni vyanzo. Hutoa majina ya vitabu na makala yanayosikika kweli, kumbe hayapo. Mwezi Juni 2023 jaji wa mahakama ya shirikisho mjini New York aliwatoza mawakili wawili na ofisi yao faini ya dola 5,000 kwa kuwasilisha hati iliyotaja kesi ambazo ChatGPT ilizibuni. Ikiwa mawakili walinaswa, mwanafunzi wa diploma hana kinga.

Lakini ukiitumia kama mwalimu, itakufaa. Mpe sentensi yako na umwombe akueleze kosa bila kukuandikia upya. Mwambie akuulize maswali matano ambayo msomaji wa ripoti yako angeuliza. Mwambie akutungie mazoezi kumi ya "a" na "the". Kisha kila jambo la hakika analokuambia, likague mahali pengine. Na kama chuo chako kina kanuni kuhusu matumizi ya akili unde, isome kabla ya kuwasilisha kazi. Kama huijui, muulize mkufunzi.

Jambo moja la usalama: usibandike nambari ya kitambulisho, nambari ya siri ya ushuru, rekodi za hospitali au majina ya watoto unaowafundisha katika programu yoyote ya mtandaoni. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inamlinda kila mtu, pamoja na yule unayeandika habari zake. Weka "X" mahali pa jina, ukaguzi ukiisha uyarudishe.

8. Bila kumaliza bando

Kamusi, Purdue OWL na Phrasebank ni kurasa za maandishi. Hazili bando kama video. Google Docs inaweza kuwekwa ifanye kazi bila intaneti, ukaandika nyumbani na kuunganisha ukifika penye mtandao. Vipindi vya 6 Minute English vya BBC Learning English huja na maandishi yake. Pakua sauti mara moja, sikiliza ukiwa safarini au jikoni, kisha usome maandishi.

Usisahau maktaba. Jedwali la Nne la Katiba linaziweka maktaba, elimu ya chekechea na vyuo vya ufundi vya vijijini miongoni mwa kazi za serikali za kaunti. Kwa hiyo una haki ya kuuliza katika ofisi ya wadi yako maktaba iliyo karibu ni ipi, na kama ina kompyuta za umma. Wenye simu ndogo wanaweza kuungana watatu au wanne kwa simu moja. Kazi inayosomwa kwa sauti mbele ya rafiki hufichua makosa ambayo macho yalipita.

9. Ratiba ya wiki nne

Nusu saa kwa siku, siku tano kwa wiki, yatosha kuanza.

Wiki ya kwanza: andika ukurasa mmoja kila siku kuhusu kazi yako, bila msaada wowote. Siku ya tano pitisha zote katika programu ya kukagua na uanze daftari la makosa.

Wiki ya pili: chagua makosa matatu yanayojirudia zaidi. Yatafute katika kamusi na SkELL, kisha uandike sentensi kumi sahihi kwa kila moja.

Wiki ya tatu: soma aya moja ya kitaaluma kila siku, ifunge, iandike kwa maneno yako na utaje chanzo.

Wiki ya nne: andika kazi halisi unayoihitaji, iwe barua, ombi la basari au sura ya ripoti. Iache ilale usiku mmoja. Kesho yake isome kwa sauti, ikague, kisha umpe mtu mmoja aisome kabla ya kuituma.

Mazoezi

Sahihisha sentensi hizi. Majibu yako chini, lakini usiyaangalie kwanza.

1. "She gave me many advices."

2. "We discussed about the water project."

3. "The report which I wrote it is long."

4. "Can you borrow me your pen?"

5. "I did a research on maize storage."

6. "I have worked there since three years."

7. Mwanafunzi aliwahoji wakulima kumi na wawili, wengi wao wakasema wanapoteza mahindi. Akaandika: "This proves that all farmers in the county are losing maize."

Majibu

1. "She gave me a lot of advice." Nomino haihesabiki.

2. "We discussed the water project." Hakuna "about".

3. "The report which I wrote is long." Ondoa "it".

4. "Can you lend me your pen?" Anayetoa "lends".

5. "I did research on maize storage", au "I conducted research".

6. "I have worked there for three years." "Since" hutangulia wakati jambo lilipoanza, kama "since 2022", "for" hutangulia urefu wa muda.

7. "The interviews suggest that some farmers in the county are losing maize." Ushahidi ni mdogo, kwa hiyo dai nalo lipungue.

Barua ya tatu

Sasa tumrudie kijana wetu. Aliketi na daftari lake la makosa, akaandika, akafuta, akaandika tena. Toleo la tano lilianza hivi:

"I have a certificate in electrical installation, which I completed in 2022. In 2023 I wired eleven houses under a licensed electrician. I can read a wiring plan, test a circuit and find a fault, and I would like to learn industrial work."

Hakuna neno kubwa hapo. Ile mitambo ya viwandani aliyoaibika nayo sasa imetajwa kwa ukweli: ni kazi anayotaka kujifunza. Nilimuuliza maswali juu ya kila sentensi kama angeulizwa na mwajiri, akajibu yote bila kuangalia karatasi. Kwenye sentensi ya nyumba kumi na moja alinieleza hadi hitilafu aliyoikuta katika nyumba ya tisa na jinsi alivyoitafuta kwa saa mbili.

Hicho ndicho kipimo cha maandishi yoyote unayosaidiwa na mashine. Kabla ya kutuma, mpe mwenzako karatasi akuulize juu ya kila mstari. Mstari usioweza kuusimamia kwa mdomo, ufute.